Jembe la Mtani

Siku hizi mtu akifiwa hapa Tabora, simu inalia mfukoni mwako kabla hujavaa viatu. Ukiitazama unakuta picha ya mshumaa na maneno ya pole ambayo mtu ameyanakili kwa mwingine, aliyeyanakili kwa mwingine. Nawe unayapeleka mbele, na hapo umeshiriki msiba. Turubai linakodishwa, viti vinakodishwa, mpishi anakodishwa, na kijana mwenye kipaza sauti anakodishwa aje atuambie wakati wa kukaa na wakati wa kusimama. Sijui kwa nini hawajaanza kukodisha machozi. Labda wameanza, ila mimi sijasikia.

Watoto wangu husema kazi yangu ni kulalamika tu. Leo nitajitahidi kuwakanushia, kwa sababu yupo mtu ninayetaka kumshukuru angali hai na ana nguvu zake, si kungoja mpaka asomewe wasifu na yule kijana wa kipaza sauti. Mtu huyo ni Yustina, mama wa chumba cha kuchujia katika kiwanda kidogo cha asali kilichopo Gongoni.

Mimi ni mlinda lango wa kiwanda hicho. Nafungua, nafunga, na katikati nasoma: magazeti ya zamani, vitabu vilivyotupwa, hata karatasi walizofungia vitumbua. Kwa hiyo nimeyaona mengi, na nimepata nafasi ya kuyafikiri.

Yustina alizaliwa Ntalikwa, binti wa mrina asali. Baba yake alikuwa akitundika mizinga ya magome huko porini, na mama yake, Bibi Imakulata, alikuwa akikamua masega kwa mikono. Yustina aliikuta kazi hiyo nyumbani kama wengine wanavyokuta dini. Alipokuja mjini akapata kibarua kiwandani, na baadaye akapewa kukisimamia chumba chote, pamoja na wasichana wanaochuja na wanaofunga makopo.

Asali haikimbizwi. Unaimimina juu ya kitambaa, unaiacha ishuke yenyewe. Ukiibana kwa haraka, inashuka na uchafu wake. Yustina aliwatendea watu hivyo hivyo. Sijawahi kumsikia akimwita msichana mbele ya wenzake ili amkemee. Kwanza angemuuliza, "Mtoto ameamkaje? Homa imeshuka?" Kisha wangekaa pembeni, na neno la kazi lingekuja lenyewe. Lakini hakuwa mlaini. Zamani alikuwapo fundi mmoja wa mashine aliyekuwa akiwapapasa wasichana, na wakikasirika anasema, "Ni utani tu." Yustina alimtoa chumbani kwa ufagio mbele yetu sote, akampeleka mpaka kwangu langoni. "Mzee Jilala, mfungulie huyu," alisema. "Utani hunyang'anya kikombe. Mwili wa mtu si kikombe." Nikafungua. Hakurudi.

Naisimulia habari hiyo mapema kwa sababu itahitajika mbele. Sasa nieleze utani wenyewe, kwa ajili ya vijana wanaodhani utani ni kuchekesha watu kwenye simu.

Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Misafara ilitoka pwani kuja hapa Tabora, na ilitoka hapa kwenda pwani na pembe za ndovu, na njia ilipita Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabika. Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na walitoza maji. Mnyamwezi mwenye mzigo begani na ulimi uliokauka alilipa huku akitukana, na Mgogo alipokea huku akimtukana. Wakaendelea kukutana mwaka hata mwaka. Wengine walizikana njiani. Watu wanaotukanana na kuzikana kwa muda mrefu hivyo hawawezi tena kuwa maadui, wala si ndugu kabisa. Wakawa watani. Mtani anaweza kukuambia chochote usikasirike, anaweza kuchukua kitu chako usimshtaki, nawe vivyo hivyo kwake. Lakini siku ya msiba wako hangoji mtu kumwita. Anakuja, anafanya kazi chafu, anachekesha wafiwa, anakuzika. Deni lote la matusi analilipa hapo.

Mtani wa Yustina alikuwa Adriano, dereva wa lori letu, Mgogo wa Kilimatinde. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kukusanya ndoo za asali. Kila asubuhi aliingia kiwandani kama mtoza ushuru wa zamani. Yustina akiwa ameweka kikombe chake cha chai dirishani, Adriano hukichukua.

"Mpagazi, umeamkaje?"

"Nilikuwa nimeamka vizuri mpaka nilipokuona, muuza maji."

"Tua mzigo kichwani uzungumze na watu."

"Nirudishie kikombe."

"Kikombe hiki kinapita nchi ya nani? Kimelipiwa hongo?"

"Kunywa tu. Umezoea mboga yenu ya mlenda, chai itakuteleza."

Wasichana walicheka mpaka wakashika mbavu, na siku ikaanza. Ila wasichana hawakujua wanachokicheka. Mimi nilikuwa naangalia. Yustina akiwa na hasira na mtu, Adriano ndiye aliyemtania mpaka ikashuka. Asali ikifika mbichi, ile iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega, Adriano mwenyewe angepiga kelele kutoka kwenye lori, "Leo nimeleta uji, tafuteni vijiko." Na Yustina akikosea, kwa maana naye ni mtu, hakuna msichana aliyethubutu kumwambia. Adriano alimwambia mbele ya wote, wote wakacheka, naye Yustina akacheka na kusahihisha. Nimesoma mahali kwamba siku hizi makampuni makubwa hulipa wataalamu wawafundishe watu kuambiana ukweli kazini. Sisi tulikuwa na Mgogo.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kumkumbuka. Mke wangu alipofariki, nilijifungia ndani. Nilikuwa sili, sitoki, na waliokuja kunibembeleza niliwajibu kwa adabu mpaka wakaondoka. Asubuhi moja nikasikia kelele za bisibisi. Nilipoinuka, mlango wangu haukuwapo. Adriano alikuwa anatembea nao barabarani, ameujitwisha kichwani.

"Unapeleka wapi mlango wangu?"

"Nimeshaupatia mteja, mpagazi. Hukuwa unautumia."

Nilimfuata nikiwa pekupeku mpaka kwa Yustina, naye alikuwa amepika ugali na kuku, na kiti changu kimeshawekwa. Kumbe ndiye aliyemtuma. Nilikula siku ile. Sikula kwa sababu ya njaa, nilikula kwa sababu nilikuwa nimechoka kumkimbiza Mgogo. Mpaka leo mlango huo ukifunguka unalia, kwa kuwa aliurudisha vibaya kwa makusudi, na sijautengeneza.

Yustina alimtuma hivyo hivyo kwa mama yake. Bibi Imakulata alianguka akaumia nyonga, na baada ya kupona alikataa kutembea. Alikaa kwenye kigoda na fimbo yake, akasema miguu imekwisha kazi. Adriano akawa kila akipita njia ya Ntalikwa anasimamisha lori, anaingia uani, anainyakua ile fimbo na kukimbia nayo. Bibi akatukana kwa Kinyamwezi, akainuka, akamfuata hatua kwa hatua mpaka mwisho wa ua. Huko angeikuta fimbo imesimamishwa. Hivyo ndivyo alivyorudia kutembea. Na kila mara alimwambia, "Wewe muuza maji ndiye utakayenizika, na usipokuja nitatoka nikutafute." Adriano alimjibu, "Nitakuzika na mlenda mdomoni, ili huko uendako wajue ulipita kwetu."

Neno hilo la mlenda ndilo lililotuharibia.

Tuliletewa meneja mpya, Octavian, kijana kutoka Moshi aliyesoma na kufanya kazi Dar es Salaam. Sitamsema vibaya. Alikuwa anawahi kazini, anawalipa wasichana kwa wakati, na jambo la kwanza alilouliza alipofika ni kama wanasumbuliwa. Wakamsimulia habari za yule fundi aliyetolewa kwa ufagio. Akakasirika kama mtu mwenye dada. Akasema hataki tena kusikia mtu akijificha nyuma ya neno utani.

Asubuhi moja ndugu yake Yustina alimpigia simu kutoka Ntalikwa: mama amekataa kula, anageukia ukutani. Yustina alikuwa bado ameishika simu, machozi yanamlengalenga, Adriano alipoingia. Hakuiona simu. Akachukua kikombe kama kawaida.

"Mpagazi, leo hunywi. Na yule bibi wa Ntalikwa mwambie nimeshachuma mlenda, ni yeye tu ninamngoja afe."

Yustina alifungua mdomo ajibu, sauti haikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. Octavian alikuwa mlangoni.

"Adriano, nje," alisema.

"Meneja, huyu ni mtani wangu."

"Mtani wako analia. Mtazame."

Adriano akamtazama. Nilikuwapo, nikaona uso wake ukibadilika. Alikirudisha kikombe dirishani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka. Octavian akamfuata uani akamwambia kwamba asisikike tena akimkejeli mtu kiwandani, na akisikika atatafuta lori lingine la kuendesha. Adriano hakubisha. Laiti angebisha.

Kesho yake aliingia, akavua kofia. "Habari za asubuhi, Mama Yustina. Mgonjwa anaendeleaje?"

Mtu wa nje angesema ni adabu nzuri. Yustina alikishika kikombe chake kwa mikono miwili kama kimepata nyufa. Watani hawapeani habari za asubuhi. Ilikuwa kama mumeo akuite "bibie" na kukuuliza umetoka mkoa gani.

Yustina alimwendea Octavian akamweleza kwamba hakuumizwa na Adriano, alikuwa amepokea habari mbaya. Octavian alimsikiliza vizuri, akampa kiti. "Mama," alisema, "hata aliyeumizwa husema hakuumia. Nimeona wengi wakimtetea mtu asifukuzwe. Hafukuzwi. Lakini upumzike kuyasikia maneno yale."

Yustina akamwendea Adriano pia. "Sikulia kwa ajili yako. Ilikuwa simu."

"Asante, mama. Nimekuelewa."

Lakini hakuelewa. Aliamini anafichiwa aibu. Mgogo yule, aliyekuwa akitukana koo zetu zote mpaka ya mtemi, alikuwa anajilaumu kwamba ameuvuka mpaka, amemwombea kifo mama wa mtu mbele ya machozi yake. Kadiri Yustina alivyomwambia kwa upole kwamba hapana, ndivyo alivyoendelea kuwa mpole. Wakawa wanapishana kwenye korido kama wageni wawili kwenye nyumba ya kulala wageni. "Pita mama." "Hapana, pita wewe baba."

Kiwanda kikanyamaza. Msichana akikosea, Yustina alimsahihisha mwenyewe, na msichana alinuna. Siku moja ndoo kutoka kijiji kimoja zilifika na asali mbichi. Adriano aliiona, lakini hakupiga kelele za uji. Aliogopa kuonekana anamkejeli mtu. Alishusha, akasaini, akaondoka. Asali ile ilichachia dukani ndani ya makopo mpaka vifuniko vikavimba. Octavian aliitisha kikao, tukakaa, tukasema maneno mazuri, hakuna aliyesema kilichotokea. Ndivyo vilivyo vikao vya siku hizi.

Huko Ntalikwa Bibi Imakulata alikuwa anaisha. Yustina alikwenda kila jioni. Akiwa na fahamu, bibi aliuliza jambo moja tu, "Muuza maji yuko wapi?"  Yustina alinieleza langoni, amesimama na mkoba wake, anatazama barabara.

"Nimwite, Mzee Jilala?"

"Mtani haitwi. Ukimwita amekuwa mgeni mwalikwa. Atakuja na bahasha ya rambirambi kama mtu wa ofisi."

"Mama alitaka azikwe na mtani wake. Hilo tu ndilo aliloniomba. Hakuomba jeneza zuri."

"Najua."

"Asipokuja itakuwa nimemzika nusu."

 Vitabu vyote nilivyovisoma havikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Bibi alifariki mchana. Yustina alipata habari akiwa kazini. Alivua aproni, akaosha mikono, akaniomba nimsindikize. Tulipanda bajaji. Nilidhani tunakwenda Ntalikwa moja kwa moja, lakini alimwambia dereva apitie nyumbani kwa Adriano.

Adriano alikuwa uani, siku yake ya mapumziko, anarekebisha banda la kuku. Alipotuona akasimama wima, akafuta mikono kwenye suruali. "Pole sana, Mama Yustina. Nimepata habari sasa hivi. Mungu amlaze mahali pema."

 Yustina alipita mbele yake mpaka jikoni, ambako jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Akalichukua, akaliweka begani, akageuka, akapita tena mbele yake kuelekea kwenye bajaji.

Mke wa Adriano, Consolatha, alitokeza na mwiko mkononi. "Anachukua jembe letu?"

Adriano alilifuata jembe kwa macho.

"Baba, si unaona? Jembe linaondoka."

Dereva wa bajaji aliliangalia lile jembe likiingizwa ndani na mpini ukitokeza nje, akaangalia sura yangu, akaamua kutouliza. Tukaondoka. Yustina hakugeuka nyuma. Nilielewa. Alikuwa amemchokoza. Maneno yalikwisha, basi akaiba kama mtani anavyoiba. Adriano akidai jembe lake kwa hasira, au akimtuma mtu aje alichukue kwa heshima, basi utani umekufa. Akija mwenyewe kulinyang'anya, uko hai.

Hakuna aliyekuja siku ile.

Kesho yake watu walijaa Ntalikwa. Turubai la bluu, viti vya plastiki, kijana na kipaza sauti chake. Wachimbaji walikuwa wamemaliza kaburi. Hata jembe la Adriano walilitumia, na sasa lilikuwa limelazwa juu ya kifusi, mahali ambapo Yustina aliliweka kwa mkono wake. Octavian alikuja na wafanyakazi wote, amevaa shati jeupe, amesimama kwa heshima karibu nami. Vijana walikuwa wameinua simu wanapiga picha za jeneza.

Ibada ilikwisha. Tukasogea kaburini. Katekista akalitazama jua, akamtazama Yustina. Yustina aliangalia barabara.

"Tuendelee, mama?" katekista aliuliza.

"Ngoja kidogo."

"Tunamngoja nani?"

Yustina aliendelea kuitazama barabara. Shangazi zake wakaanza kunong'ona kwa Kinyamwezi kwamba jua linapanda. Kijana wa kipaza sauti akatangaza kwamba ratiba yetu imechelewa. Ratiba. Yustina hakuwa amelia tangu jana. Uso wake ulikuwa mkavu kama njia ya Ugogo. Akainamisha kichwa, na nilijua sasa atasema endeleeni.

"Nani ameiba jembe langu?"

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Adriano alikuwa anapenya katikati ya viti, amevaa aproni ya Yustina, ile aliyoivua kiwandani jana, juu ya suruali, kibwebwe cha kanga kiunoni, na dumu la maji begani. Watu wakampisha. Alifika kwenye kifusi, akalitazama jembe, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa sana. Kisha akatua dumu, akaruka kaburini, akajilaza chali chini.

Mama mmoja aliyetoka Dar es Salaam akapiga ukelele. Kijana wa kipaza sauti akasahau kazi yake.

"Hapa hapiti mtu," Adriano alisema kutoka chini. "Njia hii yangu. Babu zake huyu bibi walipita kwetu na pembe za watu, wakanywa kisima chetu kikakauka. Leo naye anataka kupita bure?"

Octavian akapiga hatua mbele. Nilimshika mkono wa shati. "Kaa, mwanangu."

"Mzee, mtu yuko kaburini."

"Namwona. Kaa."

Yustina alisogea ukingoni mwa kaburi. Nilimwona akivuta pumzi. "Muuza maji," alisema, na sauti yake ilitetemeka mwanzoni tu, "toka huko. Utamchafulia mama yangu kitanda."

"Kitanda kizuri hiki. Wapagazi hawajazoea, watapotea humu. Lete hongo."

"Unataka nini? Michembe ya viazi?"

"Michembe yenu inavunja meno. Nataka ile fimbo."

 Shangazi mmoja alikwenda ndani akarudi na fimbo ya Bibi Imakulata, ile iliyokuwa ikikimbizwa uani. Yustina aliipokea, akaishika kidogo, akamnyooshea. Adriano aliipokea akiwa bado amelala, akaikagua kama mnunuzi wa pembe, akagonga nayo ukuta wa kaburi.

"Bibi huyu alinikimbiza mpaka miguu ikamrudia. Na mimi nilimwambia nitamzika na mlenda mdomoni. Nimekuja bila mlenda. Mke wangu ameupika wote."

Yustina alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, wala hakukizuia, na katikati yake kikageuka kilio, na shangazi zake wakamdaka. Alilia kwa sauti kubwa, kilio kizuri cha mtu aliyefiwa na mama. Watu wengi walilia naye, na hakuna aliyeambiwa na kipaza sauti.

Adriano alitoka kaburini, akajipangusa udongo. Alimimina maji ya dumu kwenye kikombe. Nilikitambua kikombe hicho. Kilikuwa kile cha dirishani, cha chai. Akampelekea Yustina.

"Kunywa, mtani. Haya siyauzi."

Yustina alikunywa mpaka mwisho. Kisha Adriano akachukua jembe lake, akamzika Bibi Imakulata. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Alifukia mpaka mwisho, akalisawazisha tuta kwa bapa la jembe, akakaa chini akihema na ile fimbo mapajani.

Tuliporudi uani, Octavian alimfuata. Nilikuwa karibu. Alisema, "Adriano, nilikukosea."

"Hukunikosea, meneja. Uliona mama analia ukasimama. Wengine hupita."

Yustina, macho yamevimba, akaongeza, "Ila siku nyingine, mwanangu, ukimwona mwanamke analia, muulize yeye kwanza. Usikimbilie kumtafutia mkosaji." Alisema kwa sauti ile ile ya kuchuja asali, na kijana akaitikia kwa kichwa, na nadhani iliingia bila uchafu.

Kiwanda kilirudi kikawa na kelele. Sasa Adriano hutembea na fimbo ndani ya lori, na Yustina huinyakua kila anapopata nafasi, akimfanya amfuate mpaka stoo. Asali mbichi inaitwa uji tena. Wasichana wanacheka, na sasa wanajua wanachokicheka, kwa maana walikuwapo Ntalikwa.

Mimi bado nasikitika. Barabara ya lami imepita juu ya nyayo za wapagazi, na wajukuu zangu wanadhani Ugogo ni kituo cha basi. Wakikosana na mtu hawamtukani wakapatana. Wanamfungia kwenye simu. Sijui nani atawazika, wala nani atawang'olea mlango. Lakini nimeahidi kushukuru.

Kwa hiyo nimalizie na hili. Baada ya msiba Octavian alikaa nami langoni akaniuliza, "Mzee Jilala, mimi Mchaga. Mtani wangu ni nani?"

"Mpare."

"Hapa Tabora nitamtoa wapi Mpare?"

Yustina alikuwa anapita na ndoo. Alipunguza mwendo, kisha akaendelea. Wiki iliyofuata mtu mnene mwenye kofia ya kitambaa alifika langoni. Alisema anaitwa Majidi, anauza vipuri vya pikipiki, na mama mmoja wa asali amezunguka mjini kumtafuta duka kwa duka. "Nimesikia kuna Mchaga humu amekaa bila mtu wa kumsema," alisema. "Hilo ni jambo la hatari." Akaingia. Muda si muda akatoka, amebeba kiti cha meneja kichwani.

Octavian alikuja nyuma yake, akasita, akatazama huku na huku. Yustina alikuwa dirishani na kikombe chake, Adriano kando yake, wote wawili wakimtazama.

"Mpare mpenda kesi," Octavian alisema hatimaye, "utanirudishia kiti, au utanishtaki kwanza?"

Majidi hakugeuka. Kiti kilikuwa kinakuja kwangu. Nikainuka, nikafungua lango.